Fundisho: Picha katika Ukuta wa Kanisa



Mara nyingi tumeulizwa neno hili, wala si na watoto, bali na watu waliokomaa katika imani: Je, yafaa kuandika picha katika ukuta wa nyumba ya ibada? Na kama yafaa, je, ni halali Bwana Yesu aonekane katika picha hiyo kama mtu wa kwetu, mwenye ngozi kama yetu, akipita chini ya migomba yetu? Twataka kulijibu swali hili kwa kutazama kazi ya mchoraji mmoja wa Kilimanjaro. Lakini kwanza hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe.

Zamani kidogo, katika mtaa mmoja tuliokabidhiwa kuulisha, kijana aliyekuwa amepata kipaimara aliomba ruhusa kupamba ukuta ulio nyuma ya madhabahu. Tulimruhusu, maana tulidhani ataandika msalaba na maua. Alifanya kazi majuma matatu, na kila jioni aliufunika ukuta kwa mashuka. Siku ya Jumamosi alipoyaondoa, tuliona kisima cha Yakobo, na mwanamke Msamaria ameshika mtungi, na Bwana ameketi kando yake. Walakini kisima kilikuwa ni ile chemchemi iliyo chini ya shule yetu, na lile jiwe lake lililopasuka. Mwanamke alikuwa amevaa khanga. Naye Bwana alikuwa mweusi, tena amechoka, miguu yake imejaa vumbi la njia yetu. Wazee wawili walikasirika mno. Mmoja akasema, “Huyu si Yesu, huyu ni seremala wa ng'ambo ya mto!” (Mzee yule hakujua ya kuwa ametaja kazi ya Bwana mwenyewe.) Sisi tuliogopa fitina katika usharika, tukaamuru ukuta upakwe chokaa kabla ya ibada ya kesho yake. Kijana aliipaka chokaa ile kwa mkono wake mwenyewe, wala hakusema neno. Baada ya hapo hakuonekana kanisani muda mrefu.

Miaka ilipita, ndipo tukajaliwa kusafiri mpaka Murang'a katika nchi ya Kenya, mji ule ambao zamani za ukoloni uliitwa Fort Hall. Huko limesimama kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana, liitwalo kwa jina la Mtakatifu Yakobo na la Mashahidi wote. Ndani yake ziko picha tano kubwa za ukutani: kuzaliwa kwa Bwana, kubatizwa kwake, Chakula cha mwisho, Gethsemane, na kusulibiwa. Habari zote zimewekwa katika nchi ya Wakikuyu, katika vilima vyake na nyumba zake na watu wake, na Mwokozi ni Mwafrika. Mwenye kuingia humo hutazama kwanza picha, kisha hutazama dirishani, na nchi aionayo ni ile ile. Tulisimama mbele yake kitambo kirefu, nayo ile chokaa yetu ilitulia moyoni kama jiwe.

Aliyeziandika picha hizo ni Elimo Njau. Yeye alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, nchi ambayo wamisionari Walutheri wa Leipzig walianza kuifanyia kazi tangu mwaka 1893. Akaenda Makerere katika Uganda, kujifunza katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell. Mama huyu alianza mwaka 1937 kwa kuwafundisha wanafunzi wachache katika baraza ya nyumba yake. Desturi yake yafaa kukumbukwa na wainjilisti wote. Hakuwawekea wanafunzi picha ya Ulaya na kuwaambia, Igeni hii. Aliwasimulia habari kwa maneno, mara nyingi habari za Biblia au za kijijini, mpaka wakaiona kwa macho ya moyoni. Ndipo wakachora waliyoyaona. Naye aliyejifunza habari ya Mwana Mpotevu kwa njia hiyo, akiwa amelelewa katika migomba, baba atakayemwona akimkimbilia mwanawe atapita katika migomba.

Pale Makerere palikuwa na Mchaga mwingine aliyetangulia, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akawa mwanafunzi na kisha mwalimu katika shule ile ile. Baadaye aliwakilisha Tanganyika huko London kama Balozi, lakini brashi hakuiacha. Picha zake zapendeza kwa namna yake. Watu wake ni wadogo na wengi, nao wafanya kazi pamoja: wavuna, wabeba, wakata kuni. Ni vigumu kumpata mmoja aliye mkubwa kuliko wenzake. Tunapozitazama twakumbuka mafundisho ya Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 akakaa hasa Moshi ya zamani, hata mwaka 1938. Yeye alisema kwamba ukoo, na ujirani, na urika, ni vifungo alivyoviweka Muumba, wala haifai Kanisa livikate. Wako wanaomlaumu Gutmann ya kwamba alitaka Wachaga wakae kama walivyokuwa, kana kwamba maji yaweza kusimama mtoni, na lawama hiyo twaona ina kweli ndani yake. Hata hivyo alituachia swali lililo jema: mtu akibatizwa, je, jirani zake nao hawaingii pamoja naye katika maombi yake?

Sasa turudi Murang'a, maana kanisa lile halikujengwa katika siku za amani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, nayo haikuondolewa mpaka mwaka 1960. Nchi ya Wakikuyu ilipasuka nyumba kwa nyumba. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na madai ya kweli, maana mashamba ya watu yalikuwa yametwaliwa. Na serikali nayo ilitumia mkono mzito sana, hata watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, na maelfu kwa maelfu wakafungwa kambini. Katikati ya pande hizo mbili walisimama Wakristo waliokataa kiapo. Wengi wao walikuwa ndugu wa Uamsho, na wengi wa hao walikataa kadhalika kushika bunduki ya serikali. Basi walichukiwa huku na huku. Wengine waliuawa, na kanisa la Murang'a lilijengwa kuwa ukumbusho wao. Twajua ya kuwa ukumbusho huo haukupokewa na watu wote kwa moyo mmoja, maana katika vita ya namna ile kila nyumba ina wafu wake.

Msomaji atambue jambo hili, ndipo atakapoielewa picha ya Chakula cha Bwana katika ukuta ule. Kiapo kilifanywa kwa siri, mara nyingi usiku, nacho kilikuwa na kula na kunywa ndani yake. Na Wakristo waliokataa walijibu kwa neno moja lililosemwa sehemu nyingi: kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, wala hawawezi kuichanganya na damu nyingine. Basi kuandika meza ya Bwana mahali pale, miaka ile ile ya 1950 ilipokuwa ikiisha, na kuwaketisha watu wa pale pale, haikuwa mapambo. Mchoraji aliweka mbele ya mjane na mbele ya jirani wa mjane meza iliyowahusu wote wawili, nao walijuana.

Na jambo hili jingine wengi hawalitambui: Njau si Mkikuyu. Ni Mchaga, aliyefundishwa Uganda, akiandika kwa ajili ya Wakikuyu, katika kanisa la Waanglikana. Mtu akisema kwamba picha za namna hii huleta ukabila, kila kabila likijifanyia Yesu wake, na ajibu kwanza swali hili: Mchaga yule alipata faida gani ya kabila kwa kumwandika Bwana katika vilima visivyo vyake? Yeye alifanya kazi ya mgeni anayejifunza. Ni kweli vilima vya Murang'a vyafanana na vya Marangu kwa migomba na vijito na mabonde yake makali, lakini mgeni hana budi kutazama tena hata kitu kinachofanana na cha kwao.

Twaja sasa kwa zile hoja zinazoletwa kinyume. Ya kwanza ni Amri: wasema wengine kwamba Mungu alikataza sanamu. Neno hili Walutheri tulilijibiwa zamani. Mwaka 1522, Martin Luther akiwa bado amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg wakiongozwa na Karlstadt walianza kuziondoa picha makanisani kwa ghasia. Luther alirudi mwezi wa Machi, akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea picha kana kwamba zaokoa. Wala hakukubali kwamba kuzivunja kwaokoa. Alifundisha kwamba ni jambo la hiari, na kwamba sanamu iliyo moyoni ndiyo ya kuondolewa kwanza kwa Neno. Ikiisha kuondoka hiyo, ile ya ukutani haina nguvu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1525, aliandika tena juu ya jambo hilo. Alisema kwamba kila asikiapo habari ya mateso ya Kristo, moyoni mwake hujifanya picha ya mtu aliyetundikwa msalabani, apende asipende. Ikiwa si dhambi kuwa nayo moyoni, aliuliza, itakuwaje dhambi kuwa nayo mbele ya macho? Hata alitamani matajiri waandikishe habari za Biblia ndani na nje ya nyumba zao, watu wote wazione.

Hoja ya pili ndiyo iliyotushinda sisi siku ile ya chokaa: kwamba Yesu hakuwa mtu wa kwetu. Hilo ni kweli kabisa, wala tusilifiche. Alizaliwa Bethlehemu, Myahudi wa ukoo wa Daudi, siku za mfalme Herode, na mwinjilisti asiyewafundisha watoto neno hilo amewanyima Agano la Kale lote. Lakini je, wale wazee wawili walikuwa na picha gani katika nyumba zao? Walikuwa na picha za karatasi zilizotoka Ulaya, na Bwana ndani yake ana nywele za rangi ya asali na macho ya buluu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama watu wa Bethlehemu walikuwa hivyo. Sisi nasi hatukuuliza. Tulikuwa tumezoea.

Na tuitazame madhabahu ya kanisa la mji wa Wittenberg, iliyowekwa mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kufa kwake Luther, mji ulipoanguka mikononi mwa jeshi la Kaisari Karl. Iliandikwa na Lucas Cranach pamoja na mwanawe. Katikati kuna Chakula cha Bwana, meza ni ya mviringo, nao wanafunzi wameizunguka. Mmoja wao ni Luther mwenyewe, mwenye ndevu kama alizokuwa nazo siku za kujificha Wartburg, akigeuka kukipokea kikombe. Upande mmoja Philipp Melanchthon abatiza mtoto. Upande wa pili Bugenhagen, mchungaji wa kanisa lile, ameshika funguo za maungamo, amfungulia mmoja na kumfungia mwingine. Chini yake Luther amesimama mimbarani, mkono mmoja juu ya Biblia na kidole cha mkono wa pili chaonyesha msalaba, na Msulibiwa amesimama katikati ya chumba kitupu, kati ya mhubiri na wasikiaji. Wasikiaji hao ni watu wa Wittenberg, wake kwa waume na watoto, katika nguo zao za kila siku. Basi, ndugu, kama Wajerumani wa Wittenberg waliketi mezani pa Bwana katika mwaka 1547 bila mtu kuwaambia kwamba wameiharibu Injili, twaona haya kuuliza kwa nini Wakikuyu wa Murang'a wasiketi.

Hatari iko, nasi hatuikatai, wala haiko katika rangi ya uso. Iko katika kumfanya Bwana awe wa upande wetu tu, atupendeze na asitukemee. Picha iliyo njema haifanyi hivyo. Yule Bwana wa kisimani aliyeandikwa na kijana wetu alitutazama kana kwamba ajua ni nani kati yetu anayewazuia wajane kuchota maji asubuhi. Labda ndiyo sababu ya hasira.

Njau mwenyewe alizoea kuwafundisha watu wasiige. Alisema kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Neno kali, na mtu wa seminari angeweza kubishana nalo, maana Mungu halali. Lakini makusudi yake yaeleweka. Mwaka 1964 alifungua nyumba ya picha huko kwao Marangu, akaiita kwa jina la Kibo. Mwaka 1965 alianzisha pamoja na wenziwe nyumba nyingine Nairobi, ikaitwa Paa ya Paa. Jina hilo lina mchezo wa Kiswahili ndani yake, maana paa ni mnyama wa porini, na kupaa ni kwenda juu. Huko wachoraji wa mataifa mengi walikutana, na watoto wakafundishwa. Mwaka 1997 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya picha zilizokuwamo, kazi za miaka thelathini na zaidi. Yeye hakuiacha kazi kwa sababu ya moto, akaendelea kufundisha.

Kwa kuwa sharika kadhaa zataka kujenga, twaongeza maneno machache ya mikono. Ukuta wenye unyevu ni adui wa kila picha. Maji hupanda kutoka ardhini na kuleta chumvi, nayo chumvi huisukuma rangi mpaka ikabanduka kama magamba. Basi msingi uwe imara, maji ya mvua yaelekezwe mbali, na bati litazamwe kabla ya brashi kununuliwa. Lipu mpya ya chokaa au saruji ni kali, huila rangi ya mafuta. Iachwe ikauke kabisa, hata kwa miezi. Mafundi wa kale wa Italia walitumia njia nyingine: waliipaka rangi ya maji juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, na chokaa ilipokuwa ikikauka kwa hewa iligeuka kuwa kama jiwe, ikaishika rangi ndani yake. Njia hiyo hudumu sana, lakini yataka fundi mwepesi, maana kila siku hupaka lipu kiasi cha kazi ya siku moja tu.

Tena mchoraji asiachwe peke yake kama tulivyomwacha yule wetu. Wazee wakae naye, wasome naye sura itakayoandikwa, waulizane nani amesimama wapi na kwa nini. Picha ambayo usharika umeisoma pamoja kabla haijaandikwa haitawashtua Jumamosi jioni. Na wainjilisti wasio na ukuta wala rangi wafanye kama mama Trowell: someni Luka sura ya 2 polepole mbele ya watoto, fungeni kitabu, wapeni mkaa na ubao. Kisha msiwasahihishe haraka.

Imebaki habari ya kijana wetu. Siku hizi ni mtu mzima, aandika majina ya maduka na ubavu wa malori mjini. Tuliporudi kutoka Murang'a tulimwendea, tukamwomba msamaha mbele ya mkewe. Alitunyamazia, kisha akatuuliza kama ukuta umepakwa tena tangu siku ile. Tukamjibu kwamba haukupakwa. Ndipo akatuambia jambo ambalo mafundi wa Denmark walilijua: huko, baada ya Matengenezo ya Kanisa, picha nyingi za kale zilifunikwa chokaa, na tangu karne ya 19 watu wamekuwa wakizifunua tena, zikiwa zimehifadhiwa chini yake. Yeye hakuwa amesikia habari za Denmark. Alijua tu kwamba picha yake ilikuwa ya rangi ya mafuta, na chokaa haishiki vema juu ya mafuta. Tena alikuwa ameipaka safu moja, nyembamba.

Alikuja na bakuli la maji na brashi laini, akafanya kazi katika pembe ya chini upande wa kushoto kwa muda wa saa moja. Palionekana lile jiwe lililopasuka, na kipande cha mtungi. Baraza la wazee limekutana mara mbili. Mzee mmoja wa wale wawili amekwisha kulala katika Bwana. Wa pili amesema ataka kuwapo kazi ikifanyika, aketi na kutazama. Itaanza baada ya masika, ukuta ukiisha kukauka.